Kikosi cha Kambale cha Miaka Yote

Siku boksi la kadi za kura lilipofika kwa kinyozi, Merle Vondra alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Angekuwa amesimama angeondoka. Kwa kuwa hakuweza, ilimbidi amsikilize Bernie Kolb, kinyozi wa mji mzima wa Tolliver, akisoma kadi kwa madaha kama mtu anayetangaza rais mpya.

"'Klabu ya besiboli ya Kambale wa Tolliver, miaka sabini na mitano, 1921 hadi 1996. Shabiki, chagua kikosi chako cha miaka yote. Wachezaji tisa, mmoja kwa kila nafasi. Toboa kitundu mbele ya jina. Ukiacha nafasi yoyote wazi, kadi inatupwa. Ukitoboa jina moja mara mbili, kadi inatupwa. Piga kura mara nyingi upendavyo.' Hee! Mara nyingi upendavyo! Hapo wamenena."

"Nyoa, Bernie."

"Si nakunyoa? Na wewe umo, mzee. Umo mara mbili. Kwenye pengo, na kwenye kituo cha tatu."

"Kwenye pengo nipo na nani?"

Bernie alikohoa. Alijua anachoulizwa, na Merle alijua kwamba anajua. "Mpo watano," alisema. "Na Royce yumo."

Basi Royce yumo. Merle alijitazama kwenye kioo, akaona masikio yamekuwa mekundu.

Pengo ni ile sehemu ya uwanja iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako mipira mikali hupita chini chini kama panya, na anayepewa kuilinda huwa ndiye mwenye miguu na mikono kuliko wenzake wote. Merle alililinda pengo la Kambale kwa miaka saba. Hakuwa mpigaji wa kutisha, na katika maisha yake alivusha mpira juu ya uzio mara nne tu, moja ikisaidiwa na upepo. Lakini pengoni alikuwa mtu. Kisha, mwaka wa 1956, akashuka kwenye basi kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Tennessee, Royce Kittrell, meno meupe, kofia imekaa upande, na katika wiki mbili meneja akamwita Merle pembeni na kumwambia asogee hatua kumi na tano kulia kwake, akalinde kituo cha tatu. Hatua kumi na tano tu. Merle alizipiga, na tangu siku hiyo hajawahi kusema amehamishwa. Husema amenyang'anywa.

Na haikuishia hapo. Klabu haikuwa na hela za hoteli, hivyo wachezaji wageni waligawanywa kwenye nyumba za watu wa mji, huyu kwa mwenye duka, yule kwa mchungaji. Royce aliangukia kwa nani? Kwa Vondra, chumba cha juu, majira mawili ya kiangazi. "Alichukua nafasi yangu uwanjani, halafu akaja kula viazi vyangu mezani," Merle alipenda kusema. Miaka kumi ya mwanzo alisema kwa mzaha. Baadaye mzaha uliisha, maneno yakabaki.

Royce alipandishwa ligi kuu, akacheza huko miaka mitatu, akaonekana kwenye televisheni. Merle hakupandishwa popote. Hata pengo lenyewe hakurudishiwa, maana walimpa kijana mwingine. Kila Krismasi Royce humtumia Arlys, mke wa Merle, kadi na kopo la karanga za kwao. Kwa miaka thelathini na tisa Merle amekuwa akizila karanga hizo, lakini kwa hasira.

Alipofika nyumbani, nywele zimekwisha kunyolewa, alimkuta Arlys jikoni na kadi ya kura mbele yake na pini ya nywele mkononi. Kabla hajavua kofia, simu ikalia ukumbini. Arlys akaenda kuipokea. Merle akainama juu ya meza kidogo tu, kama mtu anayetafuta sukari.

Kadi ilikuwa na kitundu kimoja. Nafasi nyingine zote zilikuwa bado nzima. Mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na mitatu, katika majina hamsini na tisa, alikuwa ameanza na lile lisilompa shida, na jina hilo lilikuwa Royce Kittrell, mlinzi wa pengo.

Roho ilimuuma Merle. Angeweza kungoja. Angeweza kuuliza. Lakini mtu akishaingiwa na wivu huona kuuliza ni kupoteza wakati, jibu si analo? Akajikaza kisabuni, akaenda kusimama dirishani.

"Amekunyoa vizuri," Arlys alisema aliporudi.

"Nani alikuwa kwenye simu?"

"Bev wa klabu. Anataka nikamsaidie kuhesabu kura, yeye na mimi."

"Mji mzima huu hakuna mwingine?"

"Wamchukue nani? Wewe?" Arlys alicheka, akaiweka kadi yake ndani ya mkoba. "Nimewaandikia mechi zao miaka thelathini, Merle. Wananiamini."

Hilo lilikuwa kweli. Arlys Vondra alikuwa mwandishi rasmi wa mechi za Kambale, yule anayekaa kwenye kibanda cha juu na kuamua mpira ulioponyoka ni bahati ya mpigaji au ni kosa la mlinzi. Katika daftari zake alikuwa amemwandikia mumewe makosa mia mbili na kumi na mawili. Siku moja, mwaka wa 1954, alimwandikia matatu katika mechi moja, kisha wakarudi nyumbani pamoja, wakala supu, na hakuna aliyesema neno mpaka kijiko cha mwisho. Hakuwahi kumwonea, na hakuwahi kumpendelea. Merle hakujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa gumu zaidi kuishi nalo.

Kesho yake alianza kukusanya kadi. Kwa Bernie alichukua rundo akidai ni za wazee wa kanisani. Kwenye duka la vifaa vya bustani alichukua rundo jingine, akasema ni za binti yake na majirani wa binti yake. Pale getini uwanjani hakusema kitu, alijaza mifuko ya koti. Zilipofika mia nne aliona zinatosha kumzika Royce Kittrell.

Sasa hebu tuseme ukweli, kila mtu Tolliver alikuwa akipiga kura zaidi ya moja. Ndiyo raha yenyewe. Mama Brandvold alipiga sitini kwa ajili ya mwanawe, na akajisifu sokoni. Lakini watu walitoboa moja moja, kwa penseli, kwa kijiti cha meno, wakiwa wanapiga soga. Merle alikuwa fundi. Kwa miaka thelathini na mitano alishona viatu na glavu za mji ule, na kwenye karakana yake nyuma ya nyumba alikuwa na msharasi uliokwisha kutoboa ngozi za ng'ombe sijui wangapi. Kadi kumi, zikipangwa sawasawa na kubanwa, kwake zilikuwa laini kuliko soli ya kiatu cha mtoto.

Jumatano alasiri, Arlys akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Merle alifunga mlango, akapanga mafungu arobaini, akaanza kazi. Pengo kwanza. Aliweka ncha ya msharasi mbele ya jina lake mwenyewe, VONDRA, M., akausukuma. Ukapita kadi zote kumi kwa mkupuo, ukaacha tundu safi, la mviringo. Lo, raha aliyoipata! Akatoboa fungu la pili, la tatu, la arobaini. Huku akitoboa alikuwa akizungumza na Royce peke yake. "Chukua hiyo. Na hiyo. Rudi Tennessee na karanga zako."

Lakini kadi yenye nafasi wazi hutupwa, hivyo ilimpasa ajaze zile nane nyingine. Mrushaji, mdakaji, kituo cha kwanza, cha pili, wale watatu wa nyuma kabisa, hao hawakumsumbua, aliwapa waliostahili. Kituo cha tatu ndicho kilichomsimamisha. Mwenyewe hakuweza kujipa, jina moja mara mbili kadi imekufa. Hutch Brandvold? Huyo ana mama yake. Yule Mjerumani wa miaka ya thelathini? Alikuwa mzuri mno. Merle hakutaka kumpa mtu yeyote faida ya jasho lake. Akashuka na orodha mpaka chini kabisa, akamkuta Orval Stumme, akacheka peke yake kwa sauti.

Orval Stumme! Mwaka wa 1959 Merle alivunjika kidole, na klabu, kwa kukosa mtu, ikamchukua dereva wa lori la maziwa akae kituo cha tatu kwa wiki tatu. Orval alikosa mipira mpaka watu waliokaa nyuma ya kituo cha tatu wakawa wanakuja na mito ya kujikingia. Jina lake liliwekwa kwenye kadi kwa sababu klabu iliamua kumweka kila aliyewahi kuvaa jezi na bado yu hai. Kura atakazopewa huyo si kura, ni takataka. Merle akamtoboa mara arobaini, fungu kwa fungu, bila hata kuangalia.

Kwa wiki mbili alizigawa kwenye maboksi, kiganja leo, kiganja kesho. Siku ya mwisho alikuta kwa Bernie watu watatu wakingoja zamu zao, na wote wakamgeukia.

"Nimekupigia, Merle," alisema mmoja, mkulima wa mahindi. "Nimekuweka ukutani."

"Hata mimi ukutani," Bernie alidakia. "Ukuta wa kushoto, jamani! Royce pengoni, Merle kituo cha tatu. Miaka miwili ile hata sisimizi hakupita."

"Mimi nilikuwa pengoni miaka saba," Merle alisema.

"Tunajua, bwana."

"Saba. Yeye miwili."

"Tunajua, Merle. Tunasema tu mlipokuwa pamoja ndipo tulipokuwa tunakuja na watoto."

Merle alidumbukiza kadi zake za mwisho na kutoka bila kuaga. Hata wakinipigia kura, alijisemea njiani, lazima waniunganishe naye kama mkokoteni. Akaona afadhali alichokifanya.

Kura zilihesabiwa siku mbili katika ofisi ya klabu. Siku ya pili, jua bado liko juu, Arlys alirudi, akavua viatu, akakaa mezani bila kuwasha jiko. Akatoa kwenye mkoba kadi moja, akaiinua kuelekea dirishani, mwanga ukapita kwenye vitundu vyake tisa.

"Tundu la penseli huchanika kando," alisema. "La kijiti cha meno ni dogo. La pini yangu hata halionekani vizuri. Hili nimeliona kwenye mikanda yangu, kwenye viatu vya watoto wetu, na kwenye kila glavu ya mji huu. Ulidhani sitalijua?"

Merle alitafuta la kusema. Alichokipata ni hiki: "Imeandikwa mara nyingi upendavyo."

"Imeandikwa. Ndiyo maana nimezihesabu zote. Kadi ni kadi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pengoni Royce amekushinda kwa mia tatu na kitu. Mia nne zako hazikufika hata karibu."

Mia tatu na kitu! Watu wa mji wake, aliowashonea viatu. Akageuza uso. Lakini Arlys alikuwa hajamaliza, na sauti yake ilipungua.

"Kituo cha tatu ulipata mia tatu tisini na nane, Merle. Na hizo ni za watu kweli. Penseli, vijiti, kalamu, hata moja ya meno ya mbwa. Hutch hakukufikia, mama yake na sitini zake pamoja. Hakuna aliyekufikia, ila Orval Stumme."

"Orval..."

"Orval amepata mia nne na kumi na moja. Kumi na moja za utani. Nyingine unazijua."

Merle alisimama, akakaa, akasimama tena. Alizunguka meza. "Zitupe," alisema. "Arlys, zitupe zile zangu! Ni za wizi!"

"Si za wizi. Ni za mtu aliyependa kupiga kura nyingi."

"Wewe ni mke wangu!"

"Na nilikuwa mke wako mwaka wa hamsini na nne." Alivuta pumzi. "Orodha inakwenda gazetini kesho adhuhuri. Nenda kwa Bev, mwambie ulichofanya. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Atazitoa zote mia nne, na wewe utakuwa kituo cha tatu. Mimi siwezi kukusemea."

Hapo wivu, ambao ulikuwa umekaa kimya kwa dakika mbili nzima, ukanyanyuka tena. "Ulimpa yeye pengo. Niliiona kadi yako. Kitundu cha kwanza!"

"Ulichungulia."

"Ulimpenda. Tangu alipokuwa chumba cha juu."

Arlys alimtazama mpaka Merle akatamani aseme ndiyo ili yaishe. "Nilimpenda Royce, ndiyo," alisema. "Kama mtu anavyompenda kijana wa watu anayekula vizuri na kuosha sahani yake. Wewe hujaosha sahani tangu tuoane. Kitundu cha kwanza kilikuwa chake, na kama ungesubiri nimalize simu ungeona cha pili. Cha pili kilikuwa chako. Kituo cha tatu. Pengoni ulikuwa mzuri, Merle, wazuri kama wewe nimewaandika sita au saba. Kituo cha tatu sijamwandika kama wewe hata mmoja. Ila ulikuwa umenuna, hukujiona."

Aliamka kwenda kuwasha jiko. Merle alibaki na ile kadi, akiitazama kana kwamba itabadilika.

Asubuhi alivaa shati la kanisani, akapiga moyo konde, akaenda klabuni. Njia nzima alifanya mazoezi ya maneno. Bev, si unanijua mimi. Bev, kuna kadi fulani. Aibu ilimchoma, lakini picha ilimvuta: jina lake likitangazwa, kituo cha tatu, watu wamesimama. Hata Royce kando yake angemvumilia. Kwa alasiri moja tu, angemvumilia.

Bev alimfungulia mlango akiwa amechangamka, macho yana machozi. "Merle! Afadhali umekuja, sina wa kumwambia. Nimempigia simu Orval Stumme jana jioni, yuko Pryor, maili tisini. Nilitaka wa mbali wajue mapema wapange safari. Nikamwambia, Orval, umechaguliwa. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia analia, Merle! Mzee mzima! Anasema miaka thelathini na saba amekuwa akidhani mji huu unamkumbuka kwa ile mito tu. Anakuja na watu kumi na wanne. Binti yake anamshonea jezi."

Merle alifungua mdomo.

"Eh? Ulitaka kusema nini?"

Alitaka kusema. Naapa alitaka. Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini. Lakini angelazimika kusimama pale na kumsikiliza Bev akiinua simu tena. "Nilikuja kuuliza sherehe ni saa ngapi," alisema.

Tusimpe sifa asiyostahili. Huruma ilikuwepo, lakini kidogo. Alipofika kwenye lori lake alikuwa tayari anamwonea wivu Orval Stumme, dereva wa maziwa, kwa kulia vile kwenye simu na kwa binti anayeshona jezi. Yeye Merle hakuna aliyewahi kumpigia simu akalia. Akapiga usukani kwa kiganja. Kwa miaka arobaini alikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, na sasa amejitengenezea wa pili kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi ya sherehe uwanja ulijaa mpaka kwenye nyasi. Kulikuwa na mahindi ya kuchoma, soseji, bia baridi, na ile mikate midogo yenye jamu ya plamu katikati ambayo wanawake wa Kicheki huoka kwa ushindani. Merle alikaa safu ya nne karibu na Arlys, shati la kanisani, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Tisa waliitwa mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alitembea mpaka kwenye nafasi yake na kusimama hapo, kama zamani. Royce Kittrell alipoitwa, kelele zilipanda. Nywele zilikuwa nyeupe, tumbo limetokeza, lakini meno ni yale yale, shetani huyu. Alikimbia mpaka pengoni. Akikimbia na umri wake ule! Merle alipiga makofi matatu, akayahesabu.

"Kituo cha tatu: Orval Stumme!"

Vicheko vilianza, mtu mmoja akarusha mto hewani, kisha watu wakamwona, wakanyamaza. Orval alitoka na fimbo, jezi mpya imemning'inia, watu wake kumi na wanne wakishangilia kama wana uwanja peke yao. Alifika kwenye nyasi za katikati akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa hajui aende wapi. Wiki tatu tu, na miaka thelathini na saba imepita. Watu wakaanza kuelekeza kwa vidole, kila mmoja upande wake, na mzee akazidi kuchanganyikiwa. Kisha macho yake yakaangukia safu ya nne.

"Merle!" aliita. "Merle Vondra! Njoo unionyeshe, ndugu yangu. Hapa palikuwa pako!"

Uwanja mzima ukageuka. Arlys hakumsukuma. Merle akainuka, akashuka ngazi, akapita mstari mweupe. Hakuwa amekanyaga udongo ule tangu alipoacha kucheza. Akamshika Orval kiwiko, wakaenda pole pole.

"Si juu ya kituo," alimwambia. "Watu hudhani ni juu ya kituo. Nyuma hatua mbili, ndani hatua moja. Mguu wa kushoto mbele. Magoti, Orval. Ndiyo. Hapo mpira ukija unauona tangu unapotoka kwenye gongo."

Ili amwonyeshe, alisimama mwenyewe pale, akainama, mikono mbele. Nadhani hakufikiri. Akasikia kitu kikiporomoka kutoka kwenye viti, akainua kichwa. Watu walikuwa wamesimama. Bernie alikuwa juu ya benchi. Walikuwa wakiita jina lake, si la Orval wala la Royce. Na kushoto kwake, hatua kumi na tano, Royce Kittrell alikuwa ameinama vile vile, magoti yamekunjwa, akimtazama na kucheka kwa furaha kama mtoto.

"Nilidhani ni wewe nitakayekuwa naye hapa," Royce alisema. "Nimetuma kadi ishirini kutoka Tennessee. Mke wangu naye. Imekuwaje?"

Merle alinyoosha mgongo, akampisha Orval, akampanga miguu. Orval alimng'ang'ania mkono, macho yanamtiririka, hataki kuuachia.

"Kumbe kuna watu walinikumbuka," alisema. "Merle, niambie kweli. Wewe ulinipigia kura?"

"Nilikupigia."

"Kweli? Wewe mwenyewe? Mara ngapi?"

"Mia nne," Merle alisema.

Orval akaangua kicheko mpaka fimbo ikamponyoka, akamkumbatia, akampiga mgongoni, akawageukia watu wake akipaza sauti, "Mia nne, anasema! Mmemsikia huyu? Mia nne!" Na watu wake kumi na wanne wakacheka pamoja naye.

Royce hakucheka. Alikuwa amesimama wima sasa, akimtazama Merle usoni, na Merle akamwacha atazame. Kisha Merle akaiokota fimbo, akamkabidhi Orval, akatoka uwanjani.